Jani Haliingii Hapa

Nilifika Gachoka nimekalia vitanda. Vilikuwa vitanda vya chuma, vya ghorofa, vimetoka kwa fundi wa kuchomelea mjini Meru na rangi yake ya kijivu ilikuwa haijakauka sawasawa. Mimi nilikuwa mpakiaji wa siku moja. Mpango ulikuwa tufike, tushushe, turudi Meru kabla ya giza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mpaka kikaachana katikati, na miguu isiyojua kutulia. Nilikuwa nimeuza mitumba Isiolo, nimechuma majani chai Kionyo, nimeosha vyombo katika hoteli moja Mombasa mpaka nikazoea kusema "tafadhali" bila kusukumwa. Kazi ya vitanda niliikubali kwa sababu moja tu: sikuwa nimewahi kufika Mbeere.

Dereva aliitwa Baariu, mzee aliyeendesha lori kana kwamba amebeba mayai ya jirani. Nkubu tulisimama kuitilia rejeta maji. Mteremko wa Nithi aliushuka kwa gia ya kwanza huku akiimba wimbo wa kanisa, na kila kona ilipokaza aliongeza sauti. Chuka mvua ilitukamata, ikabidi tulale huko. Runyenjes kitanda kimoja kilianguka mbele ya akina mama wa soko, nao wakataka kujua bwana harusi ni nani kati yetu. Kutoka Embu barabara ilianza kushuka na joto likaanza kupanda. Nilivua sweta, kisha shati. Tulipofika, suruali yangu ilikuwa na mistari ya kijivu kama punda milia, na langoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi aliyekunja mikono.

"Tuliwangoja jana," akasema. "Vijana wamelala sakafuni."

"Mama, ni barabara," Baariu akajitetea.

"Barabara haijachelewa. Iko hapo tangu zamani. Nani atavifunga?"

Baariu aliniangalia. Spana ilikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo nikavifunga mimi. Nilipomaliza kitanda cha kwanza, kabla godoro halijaletwa, kijana mmoja aliyekuwa amesimama ukutani alikuja akajilaza juu ya waya mtupu, akalala hapo hapo na viatu vyake. Nilitaka kumwamsha.

"Mwache," yule mwanamke akasema. "Huyo hajalala tangu Jumapili. Alianza na miraa, akaja kwa pombe ya kuzima miraa, akamalizia na tembe za kuzima yote mawili. Hapa dawa ya kwanza ni kitanda."

Huyo ndiye Sista Ciambaka, muuguzi wa magonjwa ya akili, na ile ndiyo nyumba yenu mnayofanyia kazi sasa. Watu wa Gachoka waliiita Kwa Vitanda kuanzia siku ile, na mpaka leo ukiuliza njia kwa jina lake rasmi utapelekwa kwa chifu. Baariu alirudi Meru na lori tupu. Mimi nilisema nitamaliza boliti zilizobaki, nimfuate kesho. Ninyi mnajua kesho hiyo ilivyokuwa ndefu. Nimeondoka mwaka huu, na watu wananiuliza nimestaafu vipi kabla mvi hazijaenea. Nawajibu kwamba boliti zimekwisha.

Sitawaandikia habari za vyeo. Nilianza kama mtu wa lango, nikamaliza kama mtu wa lango, na katikati nikaongezewa ufunguo wa stoo. Nataka kuwaambia yale ambayo hamkufundishwa chuoni, hasa wewe Wawira uliyekalia kiti changu.

Wiki ya kwanza Sista Ciambaka alinipa vifaa vyangu: meza, beseni, kijiko kirefu na spoku ya baiskeli. Spoku ni ya kupitisha kwenye chakula. Uji unaoletwa na wageni uchovye mpaka chini, kwa maana pombe kali ya chang'aa hukaa kwenye chupa ndogo iliyozama kwenye thamosi. Chapati ifunue. Avokado igeuze uone kama imepasuliwa ikagandishwa tena kwa mate na matumaini. Nimewahi kutoa bhangi ndani ya mkate, tembe ndani ya soli, na muguka, yale majani ya Mbeere yanayotafunwa kama miraa, ndani ya nepi ya mtoto ambaye, masikini, alikuwa amefanya mambo yake juu yake.

Siku hiyo ya nepi nilicheka na kumwambia yule mama neno la dhihaka. Sista aliniita kando.

"Wewe, punda milia. Unajua amekuletea nini?"

"Muguka, Sista."

"Hapana. Amemletea kijana wake kile kitu kimoja anachojua kinamnyamazisha. Chukua muguka, mpe chai. Ukimwaibisha hatarudi, na kijana atabaki na sisi wawili tu."

Tangu siku hiyo langoni pana birika. Msiliondoe.

Lazima pia nimtaje jirani. Mzee Njeru ni mzee wa kanisa, mtu wa maombi marefu, na shamba lake la muguka linafika mpaka kwenye ua wetu. Ndiyo, waliojenga nyumba ya kuwatoa vijana kwenye majani waliijenga katikati ya majani. Nilipomuuliza Sista kwa nini, alisema kiwanja kilitolewa bure, na cha bure hakichagui jirani. Mzee Njeru aliwaombea wagonjwa wetu kila Jumapili kwa majina. Jumatatu alichuma. Mikono ya vijana ilipoanza kupenya kwenye ua, alipanda mstari mnene wa mkonge upande wake, kwa gharama yake, akasema Mungu amempa shamba lakini hakumwambia alishe wagonjwa.

Kazi ngumu haikuwa kupekua, ilikuwa kuzungumza. Katika mwezi wangu wa kwanza kulikuwa na kijana wa Meru mjini aliyekuwa na redio ndani ya jino. Nikamwambia, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angesema, "Hakuna redio humo." Alirusha sahani. Sista alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kukamua ng'ombe. Alisema wazee wa Meru wametafuna miraa jioni tangu zamani na wengi wao hulala vizuri. Lakini kijana anayeanza mapema, anayetafuna usiku kucha bila kula, ananyima kichwa usingizi, na kichwa kisicholala huanza kujitengenezea sinema zake. Akiongeza bhangi, sinema inapata sauti. Akiongeza pombe, asubuhi inakuja na majuto na hofu, naye anatafuta majani ya kuondoa hofu. Wengine kichwa hutulia wakipumzika. Wengine walikuwa na ugonjwa uliojificha, na hayo yote yameufungulia mlango tu, kwa hiyo watahitaji dawa na daktari kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo usibishane na sauti," akasema. "Usiikubali pia. Sema ukweli wako: wewe huisikii, lakini unaona inamtesa."

Kesho yake nikajaribu.

"Mimi siisikii hiyo redio, ndugu yangu. Lakini naona inakusumbua. Leo inasema nini?"

Aliniangalia juu mpaka chini. "Inasema wewe ni polisi."

"Na wewe unaonaje?"

Alifikiri. "Polisi gani anaweza kuvaa suruali kama hiyo?"

Tukawa marafiki. Suruali niliitunza miaka mingi kwa sababu za kitabibu.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: wiki za kwanza mwili unalia, lakini kijana akishapata usingizi na kuanza kunenepa, familia hufurahi na kutaka kumchukua. Hapo ndipo inapofika huzuni nzito, isiyo na machozi. Anakaa kitandani anaangalia ukuta, chakula hakina ladha, na anaanza kusema ni afadhali asingezaliwa. Mkisikia hivyo msikimbilie mahubiri. Kaeni naye, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru, mwiteni muuguzi, na msimwache peke yake. Tumepata vijana walioamka kutoka hapo. Wengine walirudi kwetu mara ya pili na ya tatu. Wachache hawakurudi popote, na majina yao Mzee Njeru bado anayataja Jumapili.

Sasa niwaambie habari za Kirimi, kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila tukikaa jikoni.

Kirimi aliletwa kutoka upande wa Maua na mjomba wake, amefungwa kamba ya ng'ombe. Kwao ni miraa tu, mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba. Alianza kuchuma na kufunga akiwa shule, akawa anatafuna ili akeshe na kazi, kisha akawa anakunywa ili alale. Ikafika mahali akawa analala saa chache kwa wiki. Pikapu za miraa zikipita mbio kuelekea Nairobi, alisikia madereva wakimtaja jina. Baadaye miti nayo ikaanza kumsengenya. Asubuhi moja alichukua panga na shoka akaukata mti uliokuwa ukisema zaidi.

Ole wake, ulikuwa mti wa babu wa babu yake. Asiyetoka Igembe, huko Maua, hawezi kuelewa. Miti ile ya kale hurithiwa kama jina. Watoto huonyeshwa, wageni huonyeshwa, na kuukata ni kama kumpiga kofi mtu aliye kaburini. Baba yake, Mzee M'Mwirichia, hakupiga kelele. Alituma neno kwa mjomba: kijana atibiwe, na akipona arudi nyumbani na kitita.

Kitita hicho si miraa ya kuuza. Ni kile cha heshima ambacho Wameru hukiita ncoolo, machipukizi mazuri yaliyopangwa na kufungwa kwa jani la mgomba na kamba zake. Ukitaka kuposa unakipeleka. Ukitaka wazee wakusikilize unakipeleka. Na ukiwa umemkosea mzee, unampa mkononi, anapokea, na jambo limeisha. Hakuna kitita, hakuna msamaha, na bila msamaha Kirimi hakuwa na mahali pa kurudi.

Mnaona tatizo lilivyokaa. Sista alisema kijana huyu asiiguse miraa hata kwa kidole, maana mkono una kumbukumbu kuliko kichwa. Baba alisema asipoishika asije. Kirimi alikuwa anaendelea vizuri kabisa. Sauti zilikuwa zimenyamaza, alikuwa ananywa dawa zake bila kukimbizwa, na fundi aliyekuja kutoka Meru kukarabati vitanda alikuwa amemfundisha kuchomelea, akawa anazunguka na miwani myeusi kama msanii. Lakini neno la baba yake lilipomfikia, alirudi ukutani. Akaacha kula.

"Huyu sasa haumwi na miraa," Sista akaniambia. "Anaumwa na lango la kwao."

Jumapili moja ya wageni, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya na fimbo alisimama mbele ya meza yangu. Nilimpa chai. Nikafungua kikapu chake: sukari, ndizi, shati jipya, na chini kabisa, kitita. Kimefungwa vizuri, kibichi, kinatoa harufu ya asubuhi ya Maua.

"Mzee, hii nini?"

"Wewe si Mmeru?"

"Ni Mmeru. Ndiyo maana nauliza."

"Si ya kula hiyo. Ni ya kijana wangu, Kirimi."

"Ya Kirimi!"

"Anipatie mimi."

"Ngoja, mzee. Umemletea miraa ili yeye akupe wewe?"

"Sasa ataitoa wapi?" akasema kwa hasira ya mtu aliyefikiria jambo njia nzima. "Mmemfungia huku kwa Wambeere. Hakuna miraa huku, kuna haya majani ya mbuzi tu." Akanyoosha fimbo kuelekea shamba la jirani.

Mzee Njeru alikuwa anapalilia palepale. Aliinuka nyuma ya mkonge. "Majani ya mbuzi? Wewe mzee, nitakuja huko kwenu nione mbuzi mwenye digrii. Haya yamesomesha watoto wanne."

"Endelea kupalilia," Mzee M'Mwirichia akamjibu. "Naongea na Mmeru mwenzangu."

Nikamwita Sista. Alikuja, akamsalimu kwa mikono miwili, akakiangalia kitita bila kukigusa.

"Karibu sana, baba. Jani haliingii hapa."

"Mama, nimetoka Maua alfajiri."

"Najua. Lakini mtoto aliyeungua haombi msamaha kwa kushika kaa la moto."

Mzee alishusha fimbo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine. "Mimi nilishamsamehe. Mama yake anajua. Anayemzuia si mimi. Lakini nikimrudisha hivi hivi, wazee watasema nimemleta mgonjwa, hawatasema nimemleta mwanangu. Ataishi kwetu kama mgeni."

Hapo ndipo nilipoona Kirimi amesimama ndani ya lango. Alikuwa amekuja kutoka jikoni, amejikumbatia, viganja vyote viwili amevificha kwapani.

"Baba."

"Kirimi. Umenona."

"Ni ugali wa hapa."

Kirimi akavuta pumzi kwa pua, akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo ni ya mti gani?"

"Ule."

"Ule nilikata?"

"Kisiki hakikufa," mzee akasema. "Kimechipua. Kimechipua kila upande kama kichaa."

Neno lilipotoka, alilisikia mwenyewe. Wote tulilisikia. Vijana waliokuwa kwenye benchi la wageni waliacha kutafuna mandazi. Mzee M'Mwirichia alivua kofia yake, akaiangalia kama vile ingemsaidia. Ni Kirimi aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado na mikono kwapani, akatingishika, na benchi lote likamfuata, na Sista Ciambaka, ambaye sikuwa nimewahi kuona meno yake ya nyuma, akageuka kuangalia ukuta mabega yakimruka.

"Baba," Kirimi akasema alipopata pumzi, "nataka kukupa. Wallahi nataka. Lakini sitaishika. Harufu yake nimeisikia nikiwa jikoni, na miguu imenileta yenyewe. Nikiishika leo, kesho nitakuwa nyuma ya hii fensi nikitafuna majani ya mbuzi ya huyu mzee."

"Na wewe!" Mzee Njeru akalalamika. Lakini alikuwa ameshafika langoni, jembe mkononi, na hakuonekana kama mtu anayetaka kuondoka. "Sikilizeni. Kijana akienda kuposa hujipeleka? Si hutanguliza mtu wa kumsemea? Kwetu asiyeweza kuongea huongelewa."

"Msemaji lazima awe mtu wake," Mzee M'Mwirichia akasema.

"Au aliyekula naye."

Mzee alinigeukia. Alinipima kuanzia viatu mpaka suruali, na alipofika kwenye suruali alisita.

"Umekula na mtoto wangu?"

"Kila siku, mzee. Sufuria moja."

"Basi shika."

Nikatoka nje ya lango. Nilikibeba kile kitita mbali na nguzo za lango, kwa mikono miwili, nikasimama kati ya baba na mwana huku lango la nondo likiwa limefungwa nyuma yangu. Kirimi alisema maneno kwa Kimeru, machache, sitayaandika hapa kwa kuwa hayakuwa yangu. Nikakabidhi. Mzee akapokea. Kisha akambariki mwanawe kama wazee wanavyobariki, kwa kumtemea mate kidogo kifuani, na kwa kuwa mimi nilikuwa katikati, baraka kubwa iliangukia kola yangu.

Hatukuishia hapo, maana Sista si mtu wa kuishia kwenye machozi. Alimkalisha mzee kwenye kiti, akamweleza kwamba kusamehewa ni jambo moja na kulala katikati ya miraa ni jambo jingine. Mzee alibisha, akauliza ni baba gani humsamehe mtoto kisha akamkataza nyumbani.

"Simkatazi nyumbani," Sista akasema. "Aje mchana, asalimie, ale, aondoke. Kitanda chake kiwe mahali pengine kwanza."

Mzee akamwangalia Kirimi. "Ndivyo unavyotaka?"

"Ndivyo ninavyoweza, baba."

Kirimi alibaki nasi mpaka Sista aliporidhika, kisha akaenda mjini Meru kwa yule yule fundi aliyetutengenezea vitanda vya kwanza, na kliniki yake ya kila mwezi ikahamia huko. Jioni ile ya kitita, Mzee M'Mwirichia alikaa kwenye benchi la Mzee Njeru, upande wa pili wa shamba, mbali na pua za vijana wetu. Hakuwa na magego. Alitoa kinu kidogo mfukoni, akatwanga machipukizi ya mti wa babu yake polepole.

"Onja," akamwambia mwenzake.

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na hili shamba lote?"

"Hili ni la biashara," Mzee Njeru akasema, akampelekea kikombe cha maji.

Baada ya hapo nilikaa miaka mingine mingi. Nilipokea vijana wa Chuka, wa Kiritiri, wa Isiolo, wasichana pia tulipopata bweni la pili, ingawa wasichana huletwa wakiwa wamechelewa zaidi kwa sababu familia huwaficha. Vitu langoni vilibadilika. Siku hizi kuna peremende za bhangi na sigara za mvuke ambazo spoku yangu haizijui, na Wawira amenifundisha mimi. Sista Ciambaka alistaafu akaenda kufuga nyuki kwao, na husema nyuki wana adabu kuliko wageni wa Jumapili. Mwaka huu miguu yangu ilianza kuniwasha tena. Mtu aliyezaliwa kutembea akikaa mahali pamoja miaka yote hiyo, au amepona au amechoka. Nikasema niende kabla sijajua ni lipi.

Siku ya mwisho niliichagua kwa sababu vitanda vipya vilikuwa vinakuja. Vile vya zamani vilikuwa vimechomelewa mara nyingi mpaka vimekuwa vingine. Lori lilipopiga honi nilikuwa jikoni, kwa hiyo aliyeenda langoni ni Wawira. Niliposogea, niliona Kirimi yuko juu ya mzigo, amekalia vitanda alivyovichomelea mwenyewe, upepo umemtoa machozi na suruali imejaa mistari ya kijivu. Mbele, karibu na dereva, alikaa Mzee M'Mwirichia na kofia yake.

"Mbona uko juu na kiti kipo?" nikamwuliza Kirimi.

"Mzee ana mzigo wake huko mbele," akasema. "Nimekaa huku tangu Meru. Nimeona nchi nzima, boss. Mvua ya Chuka bado iko."

Wawira alikuwa tayari amefungua kikapu cha mzee. Akakiinua kitita, jani la mgomba likiwa bado na umande.

"Guka, samahani, hii haiingii."

"Si ya wagonjwa," mzee akasema. "Ni ya huyu." Akanyoosha fimbo kwangu. "Alimsemea mwanangu. Mtu akisafiri haondoki mikono mitupu. Ni yake, nimkabidhi ndani, mbele ya watu."

Wawira aliniangalia. Vijana waliokuja kushusha vitanda waliniangalia. Mmoja alikuwa amefika siku mbili tu zilizopita, na macho yake yalikuwa kwenye kile kitita, siyo kwangu. Ingekuwa rahisi sana. Siku ya mwisho, mtu wa lango, mzee wa watu ametoka Maua.

"Umesikia alivyosema," nikamwambia mzee. "Jani haliingii hapa."

Mzee M'Mwirichia alicheka, akashuka na kitita chake, akavuka kwenda kwa Mzee Njeru, ambaye sasa anatembea kwa fimbo pia, na nikawasikia wakianza pale walipoachia kuhusu majani ya mbuzi. Lori likaingia bila yeye. Tulishusha vitanda. Nilikaza boliti kwa spana yangu ile ile, kisha nikaiweka juu ya meza ya lango, karibu na birika. Yule kijana mgeni hakungoja godoro, na hakuna aliyemwamsha. Kulikuwa na chai na hotuba, na hotuba zilikuwa ndefu kuliko chai.

Kule nje wazee wawili walikuwa bado wananingoja, na kitita hakijaingia. Wawira akafungua lango, nikatoka mimi.